Shamba Nililompa Fahad

Sehemu ya Saba

Jumbe zenu za wiki hii nimezisoma zote. Wewe wa Morogoro uliyeniita mnafiki, nimekusikia. Na wewe mama wa Temeke uliyesema kanzu yangu ifuliwe kwa ndimu, nawe nimekusikia. Nitukaneni tu, maana ya leo ni mabaya kuliko yote niliyowaambia, na bado sijafika mwisho.

Kwa aliyetukuta njiani: mimi ni Mahmoud, mtu wa Tanga. Nilipokuwa na miaka kumi na saba mjomba alinipeleka Karachi kusoma dini. Nikarudi baada ya miaka sita nikiwa na Kiurdu kingi kuliko elimu. Maisha yakanitupa Johannesburg, na sasa nina meza yangu kando ya njia pale Marshalltown, na kompyuta na printa, nawaandikia wageni maelezo yao ya kuomba hifadhi. Waswahili wananiita Ustadhi. Wapakistani wananiita Maulana. Sistahili hata jina moja kati ya hayo.

Niliwaeleza pia jinsi chumba chetu cha Bertrams kilivyoungua, mke wangu Kidawa akiwa na mimba, na vijana wawili wa Kipakistani, Fahad na Suhaib, wakatuchukua kwao La Rochelle. Walitupa chumba chao chenye kitanda. Wao wakahamia jikoni, miezi minne. Binti yetu Ummi alizaliwa tukiwa hapo.

Jikoni godoro lilikuwa moja. Tuliliona, tukanyamaza, tukala chakula chao.

Wiki iliyopita niliishia pale Suhaib alipokuja mezani kwangu Jumatatu na bahasha ya serikali, akaniwekea mbele ya kompyuta. "Ni ya Fahad," alisema. "Isome, Maulana."

Nikaikunjua barua.

Barua ilikuwa fupi. Ombi la Fahad la kupewa hifadhi limekataliwa. Mwombaji anasema alikimbia kwao kwa sababu ya ugomvi wa shamba na ami zake. Ugomvi wa shamba unaamuliwa na mahakama za huko kwao, haumfanyi mtu kuwa mkimbizi. Akitaka kukata rufaa, mwisho ni Alhamisi saa kumi jioni.

"Wanasemaje?"

"Wamekataa."

"Kwa nini?"

Nyuma yake kulikuwa na foleni ya watu watatu. Mmoja alikuwa Mpakistani mwenye duka la mapazia Fordsburg, mtaani kwao, mzee wa safu ya kwanza msikitini. Nikashusha sauti.

"Wanasema sababu hazitoshi."

Suhaib akanitazama. Huyu ndiye mkali kati yao wawili. Anatengeneza simu, maneno yake machache, na karatasi zake mwenyewe zilishakubaliwa mwaka juzi. Yeye aliandikiwa na mtu mwingine, bahati yake.

"Hazitoshi?" alisema. "Fahad alikaa kwenye kiti hiki tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Alikueleza habari yake na yangu. Alikueleza siku kaka yake alipotukuta. Alivua shati akakuonyesha mgongo. Ni kipi ambacho hakikutosha?"

"Watu hawa hawana huruma, bwana. Eish! Wao kukataa ndiyo kazi."

Jamani. Barua ninayo mkononi, neno shamba liko mstari wa nne, na mimi naisingizia serikali ya watu.

"Na rufaa?"

"Mwisho Alhamisi. Tafuteni mwanasheria. Mimi huko siwezi."

Akaichukua barua yake, akaikunja, akaondoka bila kuaga. Nilidhani ameikasirikia barua.

Sasa niwaambie lile nililowaficha wiki zote sita. Ndiyo, nanyi niliwaficha. Habari ya shamba sikuambiwa na Fahad. Fahad hana shamba. Shamba nilimpa mimi.

Siku ile aliyokuja kuandikiwa alieleza kila kitu. Kwao ni Sialkot, huko Pakistan. Kazi yake ilikuwa kushona mipira ya miguu kwa mkono, yeye na kaka yake, chumba kimoja. Suhaib alikuwa anakuja kuchukua mzigo kila wiki. Walianza kwa chai, wakaendelea mpaka hakuna aliyeweza kulala bila kusikia sauti ya mwenzake. Miaka mitatu. Kisha kaka mtu akafungua mlango siku isiyo yake.

"Andika kwamba ninampenda," Fahad aliniambia. "Usiandike kwamba ni rafiki yangu. Nimechoka kumwita rafiki yangu."

"Sawa," nikasema.

"Andika kwamba kaka alinipiga kwa waya mbele ya majirani, na polisi wakacheka. Andika kwamba mama alinifungulia mlango wa nyuma nitoke, halafu akaufunga. Andika sina kwetu, Maulana. Nataka mahali tu. Hata chumba kimoja, mradi nisiulizwe huyu ni nani wako."

Vidole vyangu vikagoma.

Mimi nimelelewa kwamba aibu ya mwenzio unaifunika. Tanga walinifundisha hivyo, Karachi wakakazia hapo hapo. Ukimkuta Muislamu mwenzio pabaya, unamtupia nguo, unapita, humtangazi. Nikajiambia: karatasi hii itasomwa na makarani, itatolewa nakala, siku moja itafika Fordsburg, na kijana wa watu atadhalilika. Ngoja nimtafutie sababu yenye heshima.

Nikaandika shamba. Ami zake wanalitaka shamba la mapera la marehemu babu yake, wameapa kumuua. Yale makovu ya mgongoni nayo nikayaingiza humo humo: alipigwa kwa ajili ya shamba. Nikaandika vizuri, Kiingereza safi kabisa.

Nilipomaliza akaniomba nimsomee. Nikashika karatasi ya shamba, nikamsomea kwa Kiurdu yale aliyoyasema yeye, neno kwa neno, mpaka mlango wa mama yake. Nilikuwa natazama karatasi kama mtu anayesoma kweli.

Akaweka sahihi. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akalia. Nikamwambia asijali.

Basi, Jumatatu ile nilipofika nyumbani nilimkuta Kidawa anakunja sambusa za kuuza. Siku hizi tumepata chumba kingine Bertrams, Ummi anatambaa mpaka chini ya meza. Nikakaa.

"Kidawa, nimefanya jambo."

"Umeongeza mke?"

"Kubwa kuliko hilo."

"Basi umeua."

Nikamweleza. Hakunikatiza. Ila sambusa iliyokuwa mkononi mwake ilibaki haijafungwa, nyama ikaanza kumwagika.

"Mtu alikupa kitanda chake," alisema, "wewe ukamwandikia uwongo."

"Nilimsitiri."

"Ulimsitiri yeye, au ulijisitiri wewe?"

"Una maana gani?"

"Chini ya ile karatasi kuna jina la nani? La aliyetafsiri?"

Nikainama kumtoa Ummi chini ya meza.

"La nani, Baba Ummi?"

"Langu."

"Haya. Sasa niambie tena habari za kusitiri."

Amenishika pabaya huyu mwanamke. Kweli, chini ya maelezo kuna mstari: mimi Mahmoud, naapa kwamba nimetafsiri kwa uaminifu. Nilipofika kwenye mstari ule sikumfikiria Fahad hata kidogo. Nilimfikiria yule mzee wa mapazia akiliona jina langu limekaa chini ya mambo kama yale, na kesho yake msikitini watu wananong'ona habari zangu. Heshima ya Fahad nilikuja kuitia baadaye, ili nipate usingizi.

"Nenda kawaambie," Kidawa alisema. "Usipokwenda wewe nitakwenda mimi, na mtoto mgongoni."

"Wakinifukuza?"

"Wakufukuze. Ulitaka wakupikie biriani?"

Jumanne sikwenda, kulikuwa na wateja wengi. Jumatano nilifika mpaka kwenye robot, yaani taa za barabarani, za La Rochelle, nikaona mlango wao kwa mbali, taa ikawaka kijani, nikageuza. Nikamwambia Kidawa sikuwakuta. Mnaona nilivyo.

Alhamisi asubuhi simu ikalia, namba ngeni.

"Kaka Mahmoud? Mimi naitwa Denise. Niko na ofisi inayosaidia wakimbizi kwa sheria, bure. Suhaib alinitafuta jana."

Sauti ya Kirundi ile, Kiswahili kinatembea na Kifaransa mkono kwa mkono.

"Niko hapa kwa Fahad," aliendelea. "Kuja mjini anaogopa, karatasi yake imekufa. Mkalimani wangu wa Kiurdu ameamka mgonjwa, na rufaa inaisha leo saa kumi. Wananiambia weye unajua Kiurdu. Kuja, tafadhali. Kuja mbio."

Kidawa alikuwa amesimama karibu, alisikia. Akanipa koti langu.

"Huna tena pa kugeuzia," alisema. Kumbe lile la Jumatano hakuniamini.

Nilimkuta Fahad peke yake na huyo Denise. Suhaib alikuwa kazini. Chumba kile kile, kitanda kile kile tulicholalia miezi minne. Pembeni cherehani yake na mabegi ya shule yaliyochanika, siku hizi anayashona kwa watu wa mtaa. Fahad akanipa kiti chenye mgongo, yeye akakaa kitandani. Akanimiminia chai ya maziwa.

"Ummi hajambo?" aliniuliza kwa Kiurdu. "Ameota jino?"

"Bado."

"Mchelewaji. Kama baba yake."

Akacheka. Nami nikacheka, na chai ikanipalia.

Denise alikuwa mama wa makamo, miwani imeshuka puani, kompyuta mapajani. Hakuwa na muda wa chai.

"Bon," alisema. "Nimesoma faili yake. Kitu kimoja sikielewi. Suhaib na Kiingereza chake kidogo ameniambia hii ni kesi ya mapenzi ya jinsia moja. Hao wawili ni wapenzi. Ndani ya faili naona shamba. Shamba mwanzo, shamba mwisho. Muulize: kwa nini alisema shamba?"

Wasomaji, ndiyo hapo. Sijawahi kufunguliwa njia pana kama ile. Swali lenyewe limeletwa, nilichotakiwa ni kuligeuza Kiurdu tu, na kila kitu kingejulikana.

Nikamgeukia Fahad.

"Anauliza kama kwenu mna shamba."

Fahad alinitazama kidogo kabla ya kujibu. "Hatuna shamba, Maulana. Tulikuwa na chumba cha kushonea mipira na ua mdogo wa nyuma."

"Anasemaje?" Denise aliuliza.

"Anasema aliogopa."

"Aliogopa nini?"

"Kusema ukweli mbele ya watu asiowajua. Kwa hiyo akatunga shamba."

Nilishangaa jinsi maneno yalivyotoka bila shida. Uwongo wa kwanza ulinichukua asubuhi nzima kuuandika. Huu nilikuwa nimeshaumaliza kabla chai haijapoa.

Denise akatikisa kichwa. "D'accord. Wengi wanafanya hivyo, masikini. Basi ataapa kwamba mara ya kwanza alidanganya kwa sababu ya woga. Haipendezi. Watamwona mwongo, na mwongo akisema kweli hawamsikilizi. Lakini tutafanya nini? Ndiyo tuliyo nayo."

Akaanza kuandika. Vidole vyake vikalia kwenye kompyuta.

"Anaandika nini?" Fahad aliniuliza.

"Anaandika habari zako upya."

"Na ameandika kwamba shamba nimelitunga mimi?"

Niliganda na kikombe mkononi.

"Hilo neno nalijua," alisema taratibu. "Ulikuwa unamhadithia Kidawa habari za minazi ya baba yako, hapo hapo ulipokaa. Nikakuuliza shamba ni nini, ukanieleza. Huyu mama ametamka shamba mara nne."

"Fahad..."

"Barua tuliisoma kabla hujaisoma wewe. Suhaib ana kitu kwenye simu, anapiga picha karatasi, maneno yanageuka Kiurdu. Yanageuka vibaya vibaya, huwezi kujua nani amempiga nani. Lakini shamba lilitoka safi. Tukatafuta nakala ya maelezo uliyoniandikia, tukaipiga picha nayo."

Hakupandisha sauti. Bora angepandisha.

"Suhaib alitaka kuja kuvunja meza yako. Nikamwambia hapana, mpelekee aisome mwenyewe. Akiiona ataona haya, atasema. Suhaib akaenda. Akarudi, akaniambia, Maulana wako anasema serikali haina huruma."

"Kumbe mlijua? Na siku zote hizi ukanyamaza?"

"Nilikuwa nakusubiri. Suhaib nilimwapisha asimwambie mtu, hata huyu mama. Nikasema Jumanne atakuja. Nikasema Jumatano."

Sikuweza kumtazama. Nikaweka kikombe chini, nikamgeukia Denise.

"Dada, futa hayo."

"Nifute nini?"

"Hakuogopa huyu. Hajasema shamba hata siku moja maishani mwake. Yeye alisema ukweli wote, mimi ndiye niliyeandika shamba. Niliona haya kuandika. Na hata sasa hivi, swali lako sikumuuliza. Nilimuuliza jingine."

Denise akavua miwani. Akaiweka juu ya kitanda, akanitazama kwa macho matupu.

"Mon Dieu," alisema. "Weye ni mtu gani?"

Nikakisogeza kikombe pembeni.

"Kama ningekuwa na mkalimani mwingine," alisema, "ungekuwa umeshatoka kwa ule mlango. Saa ngapi sasa?"

"Saa saba na nusu."

"Sina mwingine. Basi sikiliza vizuri, na umtafsirie kila neno. Ukiruka neno nitaliona kwa uso wake. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Akavaa miwani. Akaeleza polepole, anasimama kila baada ya sentensi ili nitafsiri.

"Kuna njia mbili. Ya kwanza: Mahmoud anaapa kwamba alibadilisha maneno. Tukifanya hivyo, Fahad ni msema kweli tangu siku ya kwanza, na rufaa inakuwa na nguvu sana."

Nikatafsiri.

"Lakini chini ya maelezo ya kwanza, Mahmoud aliapa kwamba ametafsiri sawasawa. Kuapa uwongo ni kosa la jinai. Wanaweza kumshitaki. Na nauliza, Kaka Mahmoud, weye una karatasi gani hapa?"

"Kibali cha muda."

"Voilà. Wanaweza kukifuta na kumrudisha kwao, yeye na familia."

Nikatafsiri. Hata lile la jinai nikalitafsiri.

"Njia ya pili: Fahad anaapa kwamba yeye ndiye aliyedanganya kwa woga, kama nilivyoambiwa mwanzo. Mahmoud anapona. Rufaa itakwenda, lakini mimi siahidi kitu. Wakimkataa tena, ni kwenda. Suhaib ana karatasi zake, Suhaib anabaki hapa. Hawa wawili hawataonana tena."

Hapo nikakosea neno. Nikaanza sentensi upya, nikaifikisha mpaka mwisho. Nimekaa Karachi miaka sita na mezani Marshalltown miaka mitatu, na ile ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kutafsiri kama inavyotakiwa.

Fahad alisikiliza yote ameinamisha kichwa. Alipolisikia jina la Suhaib akainua uso, kisha akauinamisha tena.

Denise akaweka vidole juu ya kompyuta.

"Nikishaandika tunakwenda kituoni kuapa mbele ya polisi, halafu natuma. Muda hakuna. Niandike ipi?"

Nilijua jibu. Hata Ummi na fizi zake angelijua. Mtu hakukosa lolote, mimi ndiye niliyekosa, jina langu ndilo linalotakiwa kuandikwa. Maneno yalikuwa matatu tu: andika ya kwanza.

Sikuyasema.

Nikamuona Kidawa anafungasha. Nikajiona nashuka Tanga na begi moja, watu wanaulizana kilichonirudisha, na wanaojua wanawaambia wasiojua. Nikamuona yule mzee wa mapazia. Wallahi, wasomaji wangu, nitakiri na hili kwa kuwa nimeshazama: nilikuwa naomba moyoni Fahad aseme kitu. Nilitaka mtu niliyemharibia aniokoe.

Naye akasema.

"Usikubali kuapa," aliniambia.

"Nini?"

"Mwambie mimi ndiye niliyetunga shamba. Mwambie niliogopa, kama ulivyomwambia mwanzo. Mwambie lile la pili umelisema kwa kunionea huruma."

"Fahad, watakurudisha. Hujasikia?"

"Nimesikia. Umetafsiri vizuri." Alikuwa anasugua vidole vyake, vile vyenye alama za uzi. "Tulipokuwa Fordsburg wenzetu walituhamisha. Tukaenda Mayfair, wakaacha kupokea salamu zetu dukani. Ijumaa naswali safu ya mwisho kabisa, nikigeuza uso kutoa salamu, aliyekuwa kulia kwangu ameshainuka. Nani mwingine katika mji huu wote aliyelala ndani ya nyumba yangu? Nani aliyenipa mtoto wake mchanga nimshike, mkewe amekaa hapo hapo, hana wasiwasi?"

"Usinifanyie hivi, Fahad."

"Kaka yangu wa kuzaliwa alinifukuza kwetu. Mimi sitamfukuza kaka yangu wa huku."

"Na Suhaib?"

Akautazama mlango.

"Suhaib nitamweleza mwenyewe. Wewe mwambie tu huyu mama."

Denise alikuwa ametusubiri wakati wote huo, vidole viko juu ya kompyuta. Alimtazama Fahad aliyekuwa anafuta macho kwa mkono wa shati. Kisha akanitazama mimi, akanitazama sana, mtu ambaye dakika kumi nyuma nilimwambia kwa kinywa changu kwamba sitafsiri ninachoambiwa.

"Kaka Mahmoud," alisema. "Anasema nini?"